Mraba wa Thelathini

Jumamosi, saa mbili na robo, Barabara ya Kumi na Mbili, ghorofani.
Baiskeli zetu tumezifunga mnyororo mmoja kwenye nguzo ya ngazi.
Dakta Mbelwa anafuta ubao kwa kiganja,
anaanza, kama kila wiki, na msemo wake:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Tunaandika. Tumeshauandika mara tisa.

Tuko kumi na wanne. Karani wa bandari,
mtunza hazina wa hospitali ya misheni,
Mwanamvua wa chama cha kuweka na kukopa, ananyonyesha kiti cha nyuma
huku akitafuta thamani ya hati fungani ya miaka saba;
na mimi, Tekla Kapinga, umri arobaini na mmoja,
mhasibu msaidizi, shamba la mkonge, njia ya Pongwe.
Ada yangu ya muhula huu bado ni deni kwa shemeji.

Somo la leo: shilingi ya kesho si shilingi ya leo,
hukonda njiani.
Na ya jana, isiyolipwa, hunenepa,
inakula riba, inakula riba ya riba.
"Leteni mfano," akasema Dakta. "Usiwe wa kitabuni."

Nilikuwa nao kwenye pochi, ndani ya nailoni.
Kipande cha babu.
Miraba thelathini, kila mraba siku ya kazi,
ishirini na tisa ina penseli ya mnyapara.
Kadi iliyojaa ilirudi ofisini, mtu akalipwa.
Hii ilibaki kwetu kwa kuwa haikujaa:
siku ya thelathini korona ilichukua vidole viwili
pamoja na majani ya mkonge.
Mnyapara akaandika: hakumaliza.

Babu alitoka Mbinga na jina lake.
Hapa Tanga wakamwita manamba, wakampa namba.
Tangu siku ile alihesabu hadi nane, akapumua, akaanza upya.
Mimi nilijifunza kuhesabu kwake.
Darasa la kwanza nilichapwa kwa sababu ya tisa.

Nikaandika ubaoni: shilingi ishirini. Miaka sabini.
"Riba?" akauliza Dakta.
Darasa likabishana mpaka chai ikapoa.
Kwa asilimia tatu, haifiki kachori moja.
Kwa sita, labda mkate wa Ajemi.
Kwa kumi na mbili, mifuko mitatu ya saruji,
na kaburi la babu mpaka leo ni udongo.
"Sasa nani huchagua riba?" Mwanamvua akauliza,
mtoto begani, anamcheulisha.
"Soko," akasema Dakta, akatazama saa.

Jumatatu nikaomba ufunguo wa stoo.
Leja ya mwaka ule ina jalada la ngozi, imeliwa pembe na mchwa.
Korona imo: bei yake, vipuri vyake,
uchakavu, asilimia kumi kila mwaka.
Mashine walikubali kwamba inachoka.
Watu wamo mstari mmoja, gharama za vipande.
Na kurasa nne mbele, kwa wino wa bluu, mwandiko wa kupendeza:
mishahara isiyodaiwa, sh. 20/-, ihamishiwe faida.
Chini yake sahihi ya mkaguzi.
Nilijumlisha kushoto, nikajumlisha kulia.
Urari umekubali. Hakuna senti iliyokosekana.

Basi Dakta, nimeandika kwenye zoezi langu,
daftari lilikuwepo.
Mali ilipotea humo humo, mstari kwa mstari,
na habari ndiyo tuliyoitunza sisi, ndani ya nailoni.

Karatasi imerudi jana.
Wino mwekundu pembeni: *hukueleza chanzo cha riba.*
Amenipa nane kwa kumi.